Tufungue Boneti Wenyewe

"Sikukuleta Marekani uje kushika spana." Nadhani nusu ya wanachama wa klabu yetu wamewahi kuambiwa maneno haya, au yanayofanana nayo, na baba, mama au shangazi. Wazazi wetu wengi walifanya kazi ngumu za mikono walipofika hapa, na hawataki tuzirithi. Kwa hiyo tulielekezwa kwenye vitabu, na kuhusu gari tulifundishwa jambo moja tu: likiharibika, lipeleke gereji, lipa, rudi kusoma.

Nauelewa uchungu ulio nyuma ya maneno hayo, lakini kwa hili naomba kutofautiana na wazee wetu. Kukaa mbali na spana kunatugharimu pesa, kunatugharimu magari ambayo bado yana uhai, na kunatugharimu sehemu ya Kiswahili tunachokutana kukisoma katika klabu hii. Nitautetea msimamo wangu kwa kazi ambayo wenye magari huiogopa kuliko karibu zote: kukagua na kubadilisha cheni ya taimingi nyumbani. Hoja yangu ina sehemu mbili. Kukagua cheni ni jambo ambalo kila mwanachama mwenye gari kuukuu anapaswa kulijua. Kuibadilisha ni kazi ambayo watu wawili, kwa gari linalofaa na wikiendi moja, wanaweza kuimaliza uani.

Cheni hii inafanya nini

Kwa wale ambao boneti huifungua kuongeza maji ya kuoshea kioo tu, nianze mwanzo. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, na nguvu yake huzungusha mhimili wa chini uitwao krenki. Juu kabisa kuna mihimili mingine, kemshafti, ambayo hufungua na kufunga valvu ili hewa iingie na moshi utoke. Cheni ya taimingi ndiyo inayounganisha juu na chini. Krenki ikizunguka mara 2, kemshafti lazima izunguke mara 1, bila kuwahi wala kuchelewa. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila kemshafti inazunguka mara 25 kwa sekunde moja, na cheni ndiyo inayoshika saa.

Nachukua mfano wa injini ninayoijua, Toyota 1NZ-FE: silinda 4, valvu 16, sentimita za ujazo 1,497. Hapa Marekani imo kwenye Echo, kwenye Scion xA, kwenye Scion xB ya mwanzo, na kwenye Yaris zilizofuata. Wazazi wetu wanaokwenda likizo Dar es Salaam au Nairobi wanaipanda kila siku bila kujua, kwa kuwa imo pia kwenye Probox na Fielder nyingi. Katika injini hii pistoni na valvu zinatumia nafasi ileile kwa zamu, kama familia yenye bafu moja asubuhi. Ratiba ikivurugika zinagongana. Valvu zinapinda, na gari lililokuwa na tatizo la kipuri kimoja sasa linahitaji kushushwa injini.

Cheni huchakaa vipi? Watu husema imevutika, lakini chuma hakijavutika kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake, pale kila kiungo kinapojikunja. Tuseme cheni ina viungo 100, na kila kiungo kimelika sehemu moja ya mia ya milimita. Huwezi kuona hilo kwa macho, lakini cheni nzima sasa imerefuka kwa milimita 1. Kuna kifaa kinachosukuma reli ya plastiki ili kuondoa ulegevu huo, nacho mafundi hukiita tenshena. Tenshena husukumwa na presha ya oili ya injini. Oili ikipungua, au ikichafuka kwa kukaa muda mrefu mno bila kubadilishwa, pini zinalika haraka zaidi na tenshena nayo inakosa nguvu. Ndiyo maana mafundi wazee wakiletewa gari lenye kelele ya cheni huuliza kwanza habari za oili.

Wauza magari hupenda kusema kwamba mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa ratiba ilhali cheni hudumu maisha yote ya injini. Msemo huo una ukweli, kwa sababu cheni iliyotunzwa kwa oili safi inaweza kufika mbali sana. Lakini sisi wanafunzi hatununui magari mapya. Tunanunua gari la tatu au la nne kutoka kwa mtu ambaye hatujui alibadilisha oili lini. Kwa gari la namna hiyo, "maisha yote ya injini" inaweza kumaanisha kwamba siku cheni itakapokufa, injini itakufa nayo.

Kukagua ni haki ya mwenye gari

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kufungua hata nati moja. Vuta kijiti cha oili asubuhi gari likiwa limelala, kwenye ardhi tambarare. Angalia kiasi, kisha rangi. Halafu mwambie mtu apige stata wewe ukiwa umesimama upande wa feni belti, ambao kwenye Yaris ya Marekani ni upande wa abiria. Kelele fupi ya sekunde moja, halafu kimya, mara nyingi ni tenshena inayosubiri oili ifike. Kelele ya vyuma kugongagongana inayoendelea, au inayorudi ukikanyaga mafuta kidogo, ni ya kufuatiliwa siku hiyohiyo.

Hatua ya pili ni kusoma msimbo wa taa ya injini. Magari yote mapya ya abiria yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 yana tundu la kuchomekea kifaa cha kusomea, chini ya dashibodi upande wa dereva. Kifaa chenyewe unaweza kukinunua kwa bei ya milo miwili ya mgahawani, na maduka ya vipuri kama AutoZone hukusomea bure. Msimbo wa P0016 unasema krenki na kemshafti hazikubaliani. P0011 unasema kemshafti imewahi kupita kiasi, na P0012 unasema imechelewa. Hapa ndipo penye mtego. Msimbo hautaji kipuri. Unataja dalili, na dalili moja inaweza kuwa na wazazi wengi.

Nitoe mfano. Mwaka jana gereji moja ya mji huu iliniandikia dola 1,700 za kubadilisha cheni, reli na tenshena kwenye Yaris yangu, baada ya kusoma P0011. Gari lenyewe ningeliuza kwa dola 2,500 siku yenye bahati. Hawakuwa wamefungua kifuniko cha juu. Sisemi walikuwa na nia mbaya, kwa kuwa cheni ni mojawapo ya majibu yanayowezekana. Lakini kwenye 1NZ-FE kuna jibu jingine lililo karibu zaidi: valvu ndogo ya umeme inayopeleka oili kwenye gia ya kemshafti, na kichujio kidogo kinachoilinda. Valvu hiyo imeshikwa na bolti moja. Niliichomoa, nikakuta kichujio kimeziba kwa uchafu wa oili, nikakizibua. Taa ikazimika na haijawaka tena. Nilifungua kifuniko cha juu hata hivyo, nikaiona cheni kwa macho yangu. Ilikuwa imekaza na alama zake zilikaa mahali pake.

Ninachotaka wenzangu wakione katika mfano huu ni kwamba ukaguzi ulichukua nusu siku na pesa kidogo za gasketi mpya ya kifuniko. Bila ukaguzi huo ningekuwa na njia mbili tu, kulipa karibu theluthi mbili na zaidi ya thamani ya gari au kuliuza kama chuma chakavu. Katika mji ambao basi la mwisho huondoka mapema kuliko zamu zetu za jioni, kupoteza gari ni kupoteza kazi, na kwa baadhi yetu ni kupoteza muhula.

Kufungua kifuniko cha juu si kazi ya kutisha. Unaondoa plastiki na kisanduku cha filta ya hewa kama kiko njiani, unachomoa koili 4 zilizo juu ya plagi, unafungua bolti na nati za kifuniko, unakiinua. Kisha unaizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, kufuata mishale ya saa. Usiirudishe nyuma, kwa sababu ukizungusha kinyume ulegevu huhamia upande usiotakiwa na cheni inaweza kuruka jino. Mkato wa puli ukifika kwenye sifuri, alama za gia za kemshafti ziko mahali pake? Kama hazipo, zungusha mzunguko mmoja zaidi, maana pengine silinda ya kwanza iko kwenye zamu nyingine. Kama bado zimepishana kidogo, cheni imechakaa. Zikipishana kwa jino zima, imeruka, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe.

Kubadilisha uani

Binamu yangu ana Scion xB ya mwaka 2005 aliyoinunua ikiwa imekwisha kutembea maili zaidi ya 200,000. Yake haikuwa habari ya kichujio. Kelele ilikuwa haikati, msimbo ulikuwa P0016, na tulipofungua juu alama zilikuwa zimepishana. Kiangazi tulibadilisha cheni sisi wawili, nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kwa siku mbili. Seti ya cheni, reli, tenshena, sili na gasketi haikufika dola 200. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, tuliazima dukani. AutoZone na O'Reilly huazimisha zana kwa dhamana ya pesa unayorudishiwa ukirudisha zana.

Siandiki kitabu cha fundi hapa. Vitabu vipo. Toyota yenyewe huuza ruhusa ya siku 2 ya kusoma maelekezo yake rasmi, na maktaba nyingi za umma hulipia huduma za vitabu vya ufundi ambazo wewe unazitumia bure kwa kadi yako. Nataka tu kueleza sura ya kazi, ili anayeisoma aone kwamba ni kazi ndefu kuliko ilivyo ngumu.

Unaondoa waya wa betri. Unamwaga oili na maji ya rejeta. Unavua gurudumu la mbele la kulia, feni belti na pampu ya maji. Unaibeba injini kwa jeki yenye ubao juu yake, ndipo unafungua maunti ya kulia. Unaweka silinda ya kwanza juu, alama zote zikiwa zimepangwa. Unafungua puli ya krenki, kisha kifuniko cha mbele. Bolti za kifuniko hicho zina urefu tofauti, na ukizichanganya unaweza kutoboa au kupasua mahali. Dawa yake ni kipande cha boksi: chora umbo la kifuniko, toboa tundu kwa kila bolti, na ichomeke kila moja mahali pake unapoitoa. Sisi tulitumia boksi la piza.

Ndani unafunga tenshena kwa pini ili isifyatuke, unatoa reli, unatoa cheni. Cheni mpya ina viungo vilivyopakwa rangi, na kila kimoja kinakaa kwenye alama ya gia yake. Ukishafunga reli na tenshena mpya, unatoa pini, unaizungusha injini kwa mkono mizunguko 2 kamili na kuangalia tena. Hapa wengi hushtuka, kwa sababu viungo vya rangi havikai tena kwenye alama. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Rangi hukusaidia kupachika tu, na baada ya hapo viungo hivyo huchukua mizunguko mingi kurudi vilipoanzia. Kinachotakiwa kukubaliana ni alama za gia na sifuri ya krenki.

Kisha kuna kazi isiyopendwa na yeyote, kukwangua gundi ya zamani kwenye kifuniko mpaka chuma king'ae. Ukiiharakisha, oili itavuja na utarudia siku nzima. Unapaka gundi mpya, unafunga kifuniko kabla haijakauka, unakaza kwa vipimo vya kitabu, unaiacha ikauke muda ulioandikwa kwenye chupa, unajaza maji, na oili mpya karibu lita 3.7. Gari la binamu yangu lilipowashwa lilipiga kelele sekunde mbili, tenshena ilipokuwa ikijaa oili, halafu likatulia.

Wanaopinga wana hoja

Wapo wenzangu watakaosema kwamba nawapeleka watu kwenye hatari, na hawajakosea kuuliza. Gari linaua. Hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Linakaa juu ya stendi, kwenye zege na si kwenye nyasi au lami iliyolainika kwa jua, na magurudumu ya nyuma yamezuiwa. Maji ya rejeta yana utamu unaowavuta paka, mbwa na watoto, nayo ni sumu, kwa hiyo hayaachwi kwenye ndoo uani. Oili chafu hairuhusiwi kumwagwa kwenye mfereji, na haya maduka ya vipuri huipokea bure. Mtu asiyeweza kuyatimiza haya asianze.

Pia si kila injini ni ya uani. Ford Explorer za V6 ya lita 4.0 yenye kemshafti juu ya kila safu zina cheni mojawapo nyuma ya injini, upande wa giaboksi. BMW za dizeli zenye injini ya N47 zina cheni zake hukohuko nyuma. Kuzifikia ni kutoa giaboksi au injini nzima. Mwenye gari la namna hiyo akague kwa sikio na kwa msimbo, abadilishe oili mapema, na kazi ya cheni aiache kwa gereji. Hata hapo maarifa hayajapotea. Mtu anayejua kwamba cheni iko nyuma anaelewa kwa nini bei ni kubwa, na anaweza kuuliza kama reli na tenshena zimo kwenye bei hiyo au ni cheni peke yake.

Kuna hoja ya mahali. Wengi tunaishi kwenye fleti, na mikataba mingi ya upangaji inakataza kutengeneza gari kwenye maegesho. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo naileta habari hii kwenye jarida la klabu. Baadhi yetu tuna wazazi, mashangazi na jamaa wenye uwanja na gereji zilizojaa maboksi. Nyumbani, kwa watu wetu, hakujawahi kumaanisha chumba cha mtu mmoja.

Hoja ya mwisho ni ya muda. Mwanafunzi ana mitihani, kwa nini apoteze wikiendi nzima? Jibu langu ni hesabu. Kwa mshahara wa zamu za mkahawani, dola 1,700 ni wiki nyingi kuliko wikiendi moja.

Kiswahili cha spana

Sasa niwageukie walimu wetu, ambao pengine wamekuwa wakijiuliza makala hii inatafuta nini humu.

Wengi wetu tumekua na Kiswahili cha salamu, chakula na kukaripiwa. Darasani tumeongezewa ngeli, ushairi na insha. Katikati kuna pengo kubwa, Kiswahili cha mtu mzima anayefanya kazi na mtu mzima mwenzake. Mimi nililiona pengo hilo nilipompigia simu mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ufundi wa magari Dar es Salaam miaka mingi. Ilikuwa Jumamosi saa 3 asubuhi hapa, saa 10 jioni kule. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, hebu nioneshe." Baada ya hapo salamu hazikunisaidia tena. Aliuliza kama cheni inacheza. Aliuliza inacheza kiasi gani, imelegea au imekwisha, gia imeliwa meno au bado kali. Aliponiagiza nikague gaidi za cheni, mama aliyekuwa akisikiliza jikoni akauliza gaidi gani tena huyo. Ni reli za plastiki, mama.

Angalieni vitenzi vya kazi hii. Chomeka, chomoa. Funika, funua. Bandika, bandua. Ziba, zibua. Pachika, pachua. Tulipofundishwa kauli ya kutendua darasani niliikariri kama orodha ya mtihani. Chini ya boneti niliielewa, kwa sababu kazi nzima ya ufundi ni kutendua kwa mpangilio halafu kutenda kwa mpangilio uliogeuzwa. Kadhalika legea na legeza, kazika na kaza. Bolti iliyolegea yenyewe ni habari mbaya, iliyolegezwa na mtu ni hatua ya kazi, na mjomba hakuniruhusu kuzichanganya hata mara moja. Alinisahihisha kwa sababu injini ilikuwa hatarini, na marekebisho ya namna hiyo hayasahauliki.

Najua baadhi ya walimu hawapendi maneno kama tenshena, sili na kemshafti. Wangependa tutafute maneno ya Kibantu au ya Kiarabu. Lakini maneno haya yana wenyewe. Yanatumika Gerezani kule Dar es Salaam na kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, yamekwisha kuingizwa kwenye sarufi, yana viambishi na wingi wake. Mtu wa Mombasa atasema makanika na wa Tanga atasema fundi gari, na wataelewana kabla chai haijapoa. Kiswahili kimekuwa kikipokea maneno ya kazi tangu enzi za majahazi. Sioni kwa nini lugha ya jahazi iwe utamaduni na ya gereji iwe uharibifu.

Ndiyo maana nasema wazee wetu, kwa mapenzi yao, walitufungia mlango mmoja wa lugha yao wenyewe. Kazi ndiyo shule ambayo wao walijifunzia Kiswahili chao kizuri. Walipotuondoa kwenye kazi walituondoa pia kwenye mazungumzo yake. Baba wengi wa klabu hii wanaweza kuongea saa nzima wakiwa wamesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, na hawana maneno kumi ya kumwambia mtoto mezani. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Kwa wanaosoma shahada, ningeongeza kwamba kushika spana Jumamosi hakujamzuia mtu kufanya mtihani Jumatatu.

Ninachopendekeza

Klabu yetu ina jioni ya chakula, jioni ya filamu na mashindano ya insha. Napendekeza tuongeze Jumamosi moja ya gari kila muhula, kwenye uwanja wa mwanachama ambaye wazazi wake watakubali. Tusianze na kubadilisha cheni. Tuanze na ukaguzi: kijiti cha oili, sikio, msimbo, na kwa gari moja lililokubaliwa na mwenyewe, kifuniko cha juu. Sheria iwe moja, kwamba kuanzia boneti inapofunguliwa hadi inapofungwa tunaongea Kiswahili tu. Wazazi waalikwe, hasa wale waliosema hawakutuleta kushika spana. Walimu waje na daftari, na orodha ya maneno tutakayoyakusanya ichapishwe katika jarida hili, kila neno likiwa na mji lilikotoka.

Kwa wale ambao hawatasubiri mpaka muhula ujao, kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, vuta kijiti cha oili uangalie. Ikiwa iko chini ya alama ya pili, ongeza kabla ya kwenda darasani.